Gurudumu la Kushoto

Nilikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa fundi wa ndege. Hospitali ya misheni niliyofanyia kazi, nje kidogo ya mji wa Singida, ilikuwa na Landrova tatu, na kwa miaka minne nilishinda chini ya hizo Landrova mpaka mke wangu akaacha kuhangaika na madoa ya grisi kwenye mashati yangu. Breki, springi, giaboksi, radieta: hayo ndiyo niliyoyajua. Ndege sikuwa nimewahi kuigusa hata kwa kidole.

Ndege ililetwa kwa sababu ya Wembere. Kila msimu wa mvua lile bonde hujaa maji, udongo wake mweusi unakuwa uji, na watu wanaokaa kando ya Ziwa Kitangiri hawana njia ya kutoka. Miaka ile walikuwa wengi kuliko zamani, maana kijiji cha ujamaa kilikuwa kimeanzishwa karibu na ziwa na watu walikuwa wamehamia pale kutoka kwenye makazi yao ya vilimani. Zahanati walijengewa. Barabara bado.

Basi wafadhili wa ng'ambo wakatoa ndege ndogo ya injini moja, yenye maboya mawili marefu chini yake kama mitumbwi. Ndani ya maboya hayo yalikuwamo magurudumu manne ya kukunja, mawili madogo mbele na mawili makubwa nyuma. Ndege ikiwa kwenye uwanja wa Singida, husimama juu ya magurudumu. Ikienda kutua ziwani, magurudumu hukunjwa yakaingia ndani ya maboya. Kazi hiyo hufanywa na mafuta. Pampu inayasukuma kwenye mabomba membamba hadi kwenye silinda, na silinda inausukuma mguu wa gurudumu. Rubani aliponieleza hivyo siku ya kwanza, nilimwambia, "Kumbe ni breki za Landrova."

"Ni ndugu wa breki za Landrova," akasema. "Ndugu tu."

Huyo rubani alikuwa mzungu mrefu wa makamo, mkimya, aliyejifunza Kiswahili Dodoma na kukisema polepole bila kukosea. Sisi tulimwita Bwana Rubani, naye aliniita fundi. Alinichagua mimi kwa sababu hakukuwa na mwingine. Fundi mwenye cheti alikuwa akija kutoka nje mara moja kila baada ya miezi kadhaa. Katikati ya hapo, ndege ilikuwa mikononi mwetu wawili.

Alikuwa na desturi moja ambayo hakuiacha hata siku moja. Kabla ya kutua alisema kwa sauti, hata akiwa peke yake: "Natua nchi kavu, magurudumu chini," au, "Natua majini, magurudumu juu." Kisha aliegemea dirisha la kushoto akatazama, akaegemea la kulia akatazama. Kwenye kila boya kulikuwa na kijiti kidogo cha kuonyesha gurudumu liko wapi. Alinieleza sababu tukiwa tunaosha maboya, siku tuliyotoka kufanya mazoezi Ziwa Singidani, ambalo maji yake ni ya chumvi na hula chuma.

"Ukitua nchi kavu magurudumu yakiwa juu," alisema, "utakwaruza maboya na utaona aibu. Ukitua majini magurudumu yakiwa chini, maji yatayashika, ndege itapinduka kichwa chini, na wewe umefungwa mkanda. Nilikuwa na rafiki aliyekufa hivyo. Alikuwa rubani mzuri kuliko mimi."

Sharti lake jingine lilihusu mafuta. Mafuta ya magurudumu yalikuwa mekundu, mepesi, yanakuja kwenye makopo kutoka Nairobi. Alisema ni hayo tu. Alilisema mara moja, nami nikaitikia, kama mtu anavyoitikia jambo asilodhani litamhusu.

Mwaka ule vitu vya kutoka nje vilikuwa adimu. Makopo ya mafuta mekundu yaliagizwa, yakasubiriwa, hayakuja. Nami kila asubuhi nikipima kwenye tangi dogo naona yanapungua kidogo, kwa sababu kulikuwa na jasho la mafuta kwenye kiungo kimoja cha bomba. Nilikaza kiungo. Jasho likapungua lakini halikukoma. Siku moja Rubani akiwa Dodoma kwa shughuli za leseni, nilipima nikakuta mafuta yako chini ya alama. Alikuwa anarudi kwa gari jioni ile, na kesho yake asubuhi kulikuwa na safari ya kupeleka chanjo.

Nilikuwa na kopo la mafuta ya breki ya Landrova. Nililishika mkononi kwa muda. Nikajiambia mafuta ni mafuta; yote yanasukuma silinda, yote yanapita kwenye bomba. Nikamimina kikombe kimoja, mafuta yakafika kwenye alama. Rubani aliporudi aliniuliza, "Mafuta vipi?" Nikajibu, "Yako kwenye alama." Akasema, "Vizuri, fundi." Sikumdanganya kwa maneno.

Chanjo zilikwenda na ndege ikarudi salama. Wiki ikapita. Nikaanza kulisahau lile kopo.

Katika wiki ya pili nilianza kuona gurudumu kubwa la kushoto linachelewa. Matatu yanakunjwa, la kushoto linasitasita, kisha linafuata. Rubani naye aliliona. Alisema tutalitazama fundi mwenye cheti akija. Mimi moyoni nilijua ni lini lilianza, lakini kujua kwangu nilikusukuma pembeni. Nilikuwa nimesifiwa na daktari mkuu mbele ya watu siku chache nyuma. Mtu aliyesifiwa ana kitu cha kupoteza.

Mwito ulikuja kwa redio asubuhi, saa tatu. Zahanati ya kando ya ziwa ilisema kuna mama amejifungua alfajiri mtoto wa kike, mtoto yu mzima, lakini kondo la nyuma limebaki ndani na damu haikatiki. Tuliondoka watatu: Rubani, mkunga wa hospitali na mimi. Mkunga alikuwa Mgogo wa Kilimatinde, mwanamke aliyenizidi umri kwa miaka kumi, nami nilimwita dada. Mimi nilikwenda kwa ajili ya kamba, maana pale ziwani hapakuwa na gati; mtu alipaswa kushuka majini, kuishika ndege na kuivuta kwenye matete.

Tulipopaa, gurudumu la kushoto lilichelewa kuliko siku zote. Mwisho likaingia. "Natua majini, magurudumu juu," Rubani alisema tulipofika, akatazama kushoto, akatazama kulia, tukatua vizuri.

Wanaume wanne walimleta mgonjwa kwenye machela ya miti, maji yakiwafika kifuani, wameinyanyua juu ya mabega. Mumewe alikuwa mmoja wao. Mama mkwe wake alisimama ukingoni na mtoto mchanga mikononi, maana ndani ya ndege hapakuwa na nafasi yao. Mgonjwa alikuwa msichana bado, labda miaka ishirini. Dada alipomfunua macho na kutazama ndani ya kope, aliniashiria tufanye haraka. Mume alishika ukingo wa mlango, akaniuliza, "Mtafika saa ngapi?"

"Kabla ya saa sita atakuwa mikononi mwa daktari," nilimwambia.

Njiani dada alikaa sakafuni, mkono mmoja unalikanda tumbo la yule mama, mwingine umeshika chupa ya maji ya mshipa. Tulipouona mji wa Singida na maziwa yake mawili, saa yangu ilisema saa sita kasoro dakika ishirini. Gari la hospitali lilikuwa limesimama uwanjani, nikaliona dogo kama kiberiti. Rubani akasema, "Natua nchi kavu, magurudumu chini," akasukuma swichi.

Matatu yalishuka. La kushoto lilitoka nusu, likasimama.

Akaijaribu tena. Likabaki palepale. Akayarudisha yote juu, matatu yakaenda, la kushoto likabaki nusu. Alipaa kidogo, akaanza kuzunguka juu ya mji. Nilielewa kabla hajaniambia. Hatuwezi kutua ziwani, maana lile gurudumu lililoning'inia litashika maji na kutupindua. Hatuwezi kutua uwanjani, maana upande mmoja utakuwa hauna mguu.

Katikati ya viti vyetu kulikuwa na mkono wa pampu, wa kutumia pale pampu ya umeme ikishindwa. "Fundi, piga," akasema. "Polepole. Mara tano, halafu acha."

Nilipiga mara tano, nikaacha. Akatazama. Hakuna kitu. Tukazunguka. "Tena tano."

"Mbona tano tu?" nikauliza.

"Nadhani bomba limepasuka upande ule. Kama limepasuka, kila unapopiga unayamwaga mafuta nje. Yakiisha, tumekosa na yale matatu mengine. Lazima tuyabane."

Nilikaa na mkono juu ya pampu. Nilijua bomba halijapasuka. Nilikuwa nimelipangusa kwa kitambaa asubuhi ile ile, lote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilijua pia kilichobadilika ndani ya mfumo ule tangu wiki mbili nyuma. Neno lilikuwa kwenye ulimi. Nikajiambia labda kwenye mara tano zijazo litashuka, na hakutakuwa na haja ya kusema.

Tulizunguka. Mara tano. Tukazunguka. Mara tano. Nyuma yangu dada alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mapigo yake yanapungua." Baadaye akasema, "Chupa imekwisha." Mgonjwa mwenyewe alisema kitu kwa Kinyiramba ambacho sikukisikia, dada akamjibu kwa Kiswahili, "Ndiyo, tumefika, tuko nyumbani." Niliitazama saa. Zilikuwa zimepita dakika ishirini na tano.

"Bwana Rubani," nikasema, "si bomba."

Hakugeuka. "Ni nini?"

"Niliongeza mafuta ya breki. Siku ulipokuwa Dodoma."

"Kiasi gani?"

"Kikombe."

Alitazama tena dirisha la kushoto. Kisha akasema, "Basi mafuta ya breki yamezivimbisha raba za kuzibia. Zimekaba ndani ya silinda. Mafuta yapo yote. Piga, fundi. Piga kwa nguvu zako zote na usiache."

Nilipiga. Mkono wa pampu ulikuwa mgumu kama umechomelewa, nikausukuma kwa mikono miwili, nikapiga magoti sakafuni ili uzito wangu wote uwe juu yake. Jasho liliniingia machoni. Sijui nilipiga mara ngapi. Ghafla mkono ukalegea, ukashuka kwa urahisi, halafu ukagoma tena, na Rubani akiegemea dirisha lake akasema, "Liko chini. Limejifunga." Akatazama kulia. "Yote manne. Natua nchi kavu, magurudumu chini."

Kuanzia nilipolisema lile neno mpaka gurudumu kushuka hazikupita dakika nne.

Tulimshusha akiwa hai. Katika gari alikuwa hai. Alifariki kwenye korido ya hospitali, hatua chache kutoka chumba cha upasuaji, watu wawili wa kumtolea damu wakiwa wameshakaa kwenye benchi na mikono ya mashati imekunjwa.

Nilimwuliza dada jioni ile, tukiwa nje ya jiko la hospitali, kama angefika mapema angepona. Alikuwa anaosha mikono, ingawa alikuwa ameshaiosha. Akasema, "Wengine niliowaona wamefika mapema wakafa. Wengine wamefika wamechelewa wakapona. Usiniombe nikuhukumu wala nikusafishe. Sina uwezo huo."

Kesho yake Rubani na mimi tulifungua silinda ya kushoto. Alizitoa zile raba, akaziweka juu ya gazeti, akaweka mpya kando yake. Zilizotoka ndani zilikuwa nene na laini, ukizibonyeza zinaacha alama ya kidole. Hakunipigia kelele. Alisema, "Mimi niliona linachelewa nikasema litangoja. Hilo ni langu, nitaliandika kwenye ripoti. La kwako utaliandika mwenyewe." Nikaliandika, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, nikatia sahihi. Daktari mkuu alilisoma mbele yangu, akalikunja, akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema naomba mimi ndiye nipeleke habari kwa mumewe.

Alikuwa ameshajua kuwa mkewe amekufa. Redio ilikuwa imepeleka. Hakuweza kuja kwa sababu ya maji, na marehemu ilibidi azikwe Singida. Mimi nilipeleka khanga zake na yale mengine ambayo redio haikuyasema. Maji yalipoanza kupungua nilipanda gari hadi Kiomboi, kisha nikashuka kwa miguu bondeni, siku moja na nusu, viatu mkononi.

Nyumba yao ilikuwa kwenye mstari wa nyumba mpya, kuta zimesimama, paa nusu. Nilimsalimu mama mkwe kwanza. "Shikamoo mama." "Marahaba." Alipokea khanga, akazikunjua, akazikunja upya vizuri zaidi. Akaniuliza nani alimwosha. Nilikuwa nimeuliza mambo mengi kabla ya kuondoka lakini hilo sikuliuliza. Nikasema nadhani ni mkunga. "Nadhani," akasema, akatikisa kichwa. Akauliza kama kaburi liko mahali ambapo ng'ombe hawapiti. Hilo nililijua, nikamjibu.

Mume alikuwa amekaa kwenye kigogo, mkononi ana kamba ya kufungia nyasi za paa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Nilimweleza mafuta mekundu na mafuta ya breki, nikamweleza jinsi rubani alivyodhani bomba limepasuka, na jinsi nilivyojua na kunyamaza tukizunguka. Nilipofika hapo, aliniinulia mkono ninyamaze.

"Mlizunguka juu kwa muda gani kabla hujasema?"

"Dakika ishirini na tano."

"Kama ungesema mwanzoni, angepona?"

"Sijui."

"Usiniambie hujui. Wewe ndiye uliyekuwa ndani. Mimi nilibaki huku majini."

"Labda angepona," nikasema.

Aliitazama ile kamba. "Basi hilo neno labda umeniletea mimi nikae nalo," akasema. "Ungeweza kukaa nalo peke yako." Aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, na sikumwona tena siku ile.

Maneno yale nimeyageuza miaka yote hii. Nilikwenda kule nikidhani natenda haki, na labda niliitenda. Lakini pia nilikwenda kupunguza mzigo, na yeye aliliona hilo upesi kuliko mimi. Mama mkwe ndiye aliyenipa ugali na mlenda na mahali pa kulala. Asubuhi alinionyesha mtoto, amelala kwenye ungo uliotandikwa kitenge, jirani mwenye mtoto mchanga akiwa amekuja kumnyonyesha. Hakunipa nimshike, nami sikuomba.

Nilitaka kuacha ile kazi. Rubani alikataa. Alisema fundi mpya atakuwa na makosa yake bado mbele yake. Sikupenda usemi huo, ulionekana kama kumfanya yule mama kuwa ada ya masomo yangu, na nilimwambia hivyo. Akaniomba radhi, akasema hakujua namna nyingine ya kuniambia nibaki. Nikabaki. Makopo mekundu yalifika mwezi uliofuata, matatu. Niliitunza ndege ile misimu mitano zaidi, mpaka barabara ya tuta ilipopitishwa kule bondeni na hospitali ikaiuza. Katika misimu hiyo mara mbili nilisimamisha safari kwa sababu ya kitu nilichokishuku na hakikuwa kitu, na mara moja kwa kitu kilichokuwa kweli. Mara ya kwanza kati ya hizo mgonjwa alisubiri hadi saa tisa mchana, na nilimwambia mwenyewe kwa redio kwamba mimi ndiye niliyemchelewesha.

Mume nilikutana naye mara moja tu baada ya hapo, miaka kama tisa baadaye, mnadani. Alikuwa amekuja na madume mawili ya ng'ombe. Alikuwa na mvi kidogo pembeni. Aliniona kabla sijamwona, akangoja nimkaribie. Tulisalimiana kwa mkono. Nilimwuliza habari za mama yake, akasema alifariki. Nikampa pole. Nikamwuliza habari za mtoto.

"Yuko darasa la tatu. Anajua kusoma vizuri."

"Nashukuru kusikia."

"Aliniuliza mama yake alikufaje. Nikamwambia."

"Ulimwambia nini?"

"Yote, kama ulivyoniambia. Sikuongeza wala sikupunguza."

Nilitaka kumwuliza mtoto alisema nini, nikaona sina haki hiyo. Mtu mmoja akaja kuuliza kuhusu lile dume jekundu, likiwa limeinamisha kichwa linakula pumba. Yule bwana akageuka kumjibu, wakaanza kulizunguka, mnunuzi akilipapasa mbavu. Nilisimama kidogo, kisha nikaenda zangu upande wa wauza mitumba, ambako mke wangu alikuwa ananingoja.